Boksi la Mtani

Daktari Shemdoe alisoma majibu taratibu, kama mwalimu mkuu anayesoma matokeo ya darasa la saba mbele ya wazazi, na wazee wa Isagwa walikaa kwenye mabenchi ya zahanati wakisubiri namba zao. Walikuwa wameisubiri siku hiyo kwa miaka kumi na miwili. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, wazee themanini na wawili wa kata ile walidondosha tone moja chini ya ulimi. Nusu yao walidondosha dawa, ile waliyoiita fagio, nusu yao maji yaliyotiwa uchungu ili yafanane na dawa, na hakuna aliyejua anameza kipi. Hata muuguzi aliyewagawia hakujua, ndiyo ilikuwa sheria. Majibu yalifungiwa Dar es Salaam, na leo daktari mwenyewe alikuwa amepanda nayo mpaka huku kwenye baridi ya Iringa.

"Thelathini na moja," daktari alisema. "Maji."

Muuguzi huyo, Yusta Kihwele, alikuwa amesimama mlangoni na kishikwambi chake mkononi. Thelathini na moja ilikuwa namba ya baba yake.

"Thelathini na mbili. Fagio."

Hiyo ilikuwa namba ya Osmund Komba, na zahanati nzima iligeuka kumtazama. Komba alikuwa benchi la mbele, suruali imefungwa kwa kamba kwa sababu siku hizi alikuwa hajui tena mkanda ni wa nini, anachezea kifungo cha shati lake na kukihesabu upya kila mara. Mke wake, Bi Fides, alishika mdomo. Watu wakaanza kunong'ona, jamani, huyu ndiye aliyekuwa anakunywa dawa ya ujana? Na yule wa maji ndiye Kastuli Kihwele, mwenye miaka themanini na minne, ambaye asubuhi ile ile walimwona juu ya paa la kanisa anapanga vigae vya umeme wa jua?

Kastuli alisimama akainua mikono yake mikubwa ya useremala na kutangaza kwamba tangu leo dawa ya wakubwa ipelekwe kwingine, Isagwa ina maji yake. Watu wakaangua kicheko. Daktari naye akacheka kidogo, ingawa alikuwa ameshamnong'oneza Yusta kwamba hiyo thelathini na mbili inamnyima usingizi. Katika kundi zima la fagio ni mtu mmoja tu aliyepata ugonjwa wa kusahau, na sasa ripoti itabidi iseme kwamba dawa haiaminiki kwenye ubongo.

Yusta hakucheka. Yeye peke yake alijua kwamba maboksi yalikuwa sahihi, ila midomo ndiyo iliyobadilishana.

Fagio lilikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hakuna mtu wa Isagwa aliyejisumbua kulijua. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Ndani ya kila mwili kuna seli zilizochoka ambazo zilitakiwa zife, zikagoma. Hazifanyi kazi, haziondoki, zinakaa tu zikitoa sumu inayoharibu jirani zao, na hapo ndipo magoti yanapoanza kuuma, moyo kuchoka na akili kupotea. Dawa inazifagia. Ubaya wake ni mmoja: mwili uliofagiwa miaka mingi husahau kujifagia wenyewe. Mtu akiachishwa, taka zote zinamrudia kwa mpigo, anazeeka miaka kumi ndani ya mwaka mmoja, na wengi hawaumalizi huo mwaka. Ndiyo maana ukutani kulibandikwa sheria ya mradi kwa herufi kubwa: ALIYEANZA HAACHISHWI.

Daktari akaeleza yanayofuata. Habari ya matone imekwisha. Jumamosi, arobaini na mmoja wa kundi la fagio watawekewa kijiti chini ya ngozi ya mkono, kitakachotoa dawa chenyewe kwa miaka kumi. Vijiti vimekuja arobaini na kimoja, hakuna cha ziada, kwa kuwa kiwanda ni kimoja na foleni ni ya dunia nzima. Waliokunywa maji watasubiri zamu yao, labda miaka minne. Akina mama wakapigana viwiko kusikia wazee wanawekwa vijiti, maana Isagwa kijiti wanakijua ni cha uzazi wa mpango, na mmoja akauliza kwa sauti kama babu zetu nao wanaogopa mimba.

Kwa Komba, daktari alimweleza Bi Fides pembeni, kijiti hakitarudisha kilichopotea. Kitamshikilia pale alipo. Asipowekewa, mvua zijazo zitamkuta hamjui mtu yeyote.

*

Mambo yalianza kwa mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa halali kabisa.

Kastuli ni Mhehe, Komba ni Mngoni. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, kisha wajukuu wakawa watani, na utani ule una masharti yake. Mtani haombi, anachukua. Anachukua mbele za watu, anatukana kidogo, watu wanacheka, na aliyechukuliwa haruhusiwi kununa wala kudai kitu kirudi. Akidai, ameua utani. Tangu Komba alipokuja kijana kutoka Songea kupasua mbao, wakashika msumeno mmoja, yeye juu na Kastuli chini, wawili hao walikuwa wameibiana kila kinachobebeka. Komba alichukua kofia, jembe na jogoo wa Krismasi. Kastuli naye aliwahi kung'oa mlango wa nyumba ya Komba mchana kweupe, akaenda kuufunga kwenye banda lake la kuku, na mlango huo upo hapo mpaka leo.

Basi siku ya kwanza ya mradi, droni iliposhusha maboksi ya matone ya mwaka mzima na Yusta akaanza kuita majina, Kastuli alipokea boksi lake, thelathini na moja. Hakufika nalo hata ngazi ya pili. Komba alimpokonya, akamtupia la kwake mwenyewe, akasema hawezi kukubali Mhehe apewe kitu kizuri yeye akiwa hai. Watu walicheka mpaka wakalia. Yusta naye alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, ametoka kusoma, na fomu iliyokuwa mbele yake ilikuwa na swali la kumi na nne: Je, mshiriki ametumia dawa ya mtu mwingine? Akijibu ndiyo, wazee wote wawili wanaondolewa kwenye mradi siku hiyo hiyo, aibu kwao na aibu kwake. Na nani angeenda kumwambia Mngoni arudishe? Alibonyeza Hapana. Mwaka wa pili ukawa vilevile, na sasa watu walikuja zahanati makusudi kuangalia Komba akichukua boksi la mtani wake, wakiamini muuguzi ameshaandika kwenye kishikwambi nani kabeba lipi na kwamba namba ya kila mzee inafuata alichokinywa.

Mpaka hapo mtu angeweza kumsamehe. Shida ni mwaka wa tatu.

Mwaka ule walileta mashine ya kusoma umri wa damu, tone moja na jibu ndani ya dakika. Kastuli alikuwa na miaka sabini na mitano. Damu yake ilisoma sitini na sita. Komba alikuwa na sabini na miwili. Yake ilisoma sabini na minne. Yusta alirudia kipimo mara tatu, kisha akaketi. Alijua sasa boksi gani lina nini.

Na kana kwamba Mungu alitaka kumrahisishia, wiki ya maboksi ilipofika Komba alikuwa kitandani, amevunjika mguu. Alikuja Bi Fides peke yake na kikapu. Yeye mambo ya utani wa wanaume hayakumhusu, aliitwa namba thelathini na mbili, akachukua thelathini na mbili. Alikuwa ameshaliweka kikapuni, juu ya nyanya. Yusta alitakiwa anyamaze tu, na kila mtu angekunywa cha kwake.

"Mama, umesahau," Yusta alimwambia. "La mzee ni hili. Amesema mtani wake asimcheke mwaka huu."

Komba hakuwa amesema hivyo. Bi Fides alicheka, akasema hawa wazee wana utoto, akarudisha la dawa na kubeba la maji. Mwaka uliofuata mguu ulikuwa umepona, Komba akarudi kupokonya mwenyewe, na Yusta akaendelea kubonyeza Hapana kila mwaka, kidole kikiwa kizito kidogo kuliko mwaka uliopita, lakini akibonyeza.

*

Mchana ule baada ya majibu, Kastuli alitaka kwenda kumtania mgonjwa. Yusta akamsindikiza, maana hakuwa na sababu ya kukataa aliyoweza kuitamka.

Walimkuta Komba barazani, amefunikwa blanketi. Yusta alimwamkia shikamoo. Komba alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu uliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, asijibu. Bi Fides alipoleta chai alimshukuru, akamwita sista, akamuuliza kama mke wake ameshafika. Bi Fides akajibu kwamba yuko njiani. Alijibu kwa mazoea, wala hakutua kikombe.

Kisha Kastuli, aliyekuwa amechelewa getini akisalimiana na majirani, akatokea kwenye ngazi. Komba alisimama, blanketi likaanguka. Akanyoosha mkono akavua kofia kichwani kwa Kastuli na kuivaa yeye.

"Mhehe," alisema, macho yamewaka. "Leo umekosa mbwa wa kula, umekuja kula kwangu?"

Kastuli alimuuliza kama bado anaikumbuka njia ambayo Wangoni walipita wakimkimbia Chaka wa Wazulu. Wakakaa, wakatukanana kwa raha kama robo saa, na kwa hiyo robo saa Komba alikuwa mzima kabisa. Bi Fides alimvuta Yusta jikoni. Anayemkumbuka ni huyu mtani wake tu, alisema. Watoto hapana, mimi kwa siku moja moja, lakini Kastuli hajamsahau hata mara moja. Halafu akaanza kulia bila sauti, huku anaendelea kuosha vikombe.

"Nilikuwa namdondoshea mimi," alisema. "Yeye mikono ilimtetemeka. Daktari anasema dawa ilikuwa ya kweli. Basi ni mimi, mwanangu. Kuna Jumapili nilisahau, au nilidondosha pembeni. Nimemwua mume wangu kwa uzembe."

Yusta alichukua kitambaa akafuta kikombe kimoja. Alitaka kusema, mdomo ukafunguka, pakatoka maneno ya muuguzi: usijilaumu, Mama, magonjwa ni magonjwa. Bi Fides alimkumbatia kwa maneno hayo. Yusta alikumbatiwa akasikia harufu ya sabuni na moshi, na akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Njiani kurudi, baba yake alitembea mbele kwa hatua ndefu, bila kofia. Yusta aliyapanga mambo kichwani na kila alivyoyapanga yalimgeukia. Akinyamaza, Jumamosi Komba anapata kijiti, anashikiliwa pale alipo, na baba yake, ambaye kwenye karatasi ni mtu wa maji, anaachishwa dawa aliyoinywa miaka kumi na miwili. Mwaka mmoja, labda pungufu. Akisema, sheria iliyo ukutani inamlinda baba yake: yeye ndiye aliyeanza, kijiti ni chake. Komba hajaanza kitu, asubiri miaka minne asiyokuwa nayo. Miaka yote hiyo uongo ndio uliomlisha baba yake, na leo, sasa hivi, ukweli ndio uliokuwa na faida. Hata kutubu kwake kungekuwa kumpokonya Komba mara nyingine. Wewe ungefanya nini? Usijibu haraka.

*

Alimwambia baba yake jioni ile ile, kwenye banda la useremala, jua likiwa bado linaingia mlangoni. Kastuli alikuwa anapiga randa ubao wa mzinga. Yusta alisema lote kwa pumzi moja: boksi la thelathini na mbili ndilo lililokuwa na dawa, wewe ndiye uliyeinywa, Mzee Komba amekunywa maji.

Randa ilisimama. Kastuli alikaa juu ya gogo, akautazama mkono wake, akaukunja na kuukunjua.

"Nilidhani nguvu hizi ni za asali," alisema.

Akapangusa randa kwa kiganja. Kisha akauliza swali ambalo Yusta alikuwa ameomba asilikumbuke. Mwaka ule Osmund alipovunjika mguu hakuja zahanati. Boksi lilibadilikaje?

"Nilibadilisha mimi, Baba. Nilikuwa nimeshajua."

Akamweleza habari ya kikapu na nyanya. Alipomaliza alisubiri kofi, ingawa ni mtu mzima wa miaka arobaini na saba na baba yake hakuwahi kumpiga. Kofi halikuja.

"Mtani anachukua mchana," Kastuli alisema. "Watu wanaona, wanacheka, na mwenyewe anajua kachukuliwa. Wewe ulimchukulia Fides akiwa anakuamini. Huo si utani, Yusta. Ni wizi, na aliyekula ni mimi."

Yusta alisema kesho asubuhi ataenda kwa daktari. Atasema kila kitu, afungwe kama ni kufungwa, na kijiti kitakuwa chake yeye baba, sheria iko wazi. Alisema kwa haraka, na alipokuwa anasema aliona uso wa baba yake ukibadilika.

"Kwa hiyo leo ndiyo unataka kusema ukweli," Kastuli alisema. Hakuwa na hasira, na Yusta angependa awe nayo.

Mzee aliokota takataka za randa akazisokota vidoleni. Aliuliza maswali yake moja moja, kama anayepima ubao kabla ya kukata. Je, Osmund akishawekewa hicho kijiti, wanaweza kumtoa? Yusta akasema hawawezi, akishawekewa ameanza, na aliyeanza haachishwi. Vijiti ni vingapi? Arobaini na kimoja. Hakuna hata kimoja cha pembeni? Hakuna. Kwa hiyo yeye Kastuli akitaka, lazima atolewe mwingine.

"Basi Jumamosi mwekee," Kastuli alisema. "Ukishafunga bandeji, sema yote. Usibakize hata neno. Na Fides umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya daktari."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi nimekula miaka kumi na miwili ya mtu. Nimeshiba."

Yusta alipiga magoti kwenye takataka za mbao akalia, akamwomba, akamwambia hajui anachokataa, yeye amesoma ripoti za wale walioachishwa. Baba yake alimwacha alie. Baadaye akamshika kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kila mtu atazikwa, hilo halina mjadala, ila msiba wa Mhehe bila Mngoni wa kuruka kaburini, kumtukana maiti na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo, huo ni msiba gani?

"Nataka anizike," alisema, "akijua anamzika nani."

*

Jumamosi Komba aliletwa wa nne. Bi Fides alimvalisha shati la kanisani na kumshika mkono wa kulia. Wa kushoto Yusta aliupaka dawa, akaudunga ganzi, akasubiri. Kastuli alikaa kwenye kiti cha pembeni amevaa kofia nyingine, akimsemesha Komba ili asihangaike. Bangili ya namba aliyovishwa Komba mkononi ikalia, kasha la kijiti likasoma thelathini na mbili na kufunguka. Yusta akavuta taa karibu. Alikata kidogo, akasukuma, akatoa sindano. Akagusa kwa kidole kuhakikisha kijiti kimelala vizuri chini ya ngozi. Akafunga bandeji.

Kisha fomu. Alipofika swali la kumi na nne, kidole kilisimama. Baba yake aliacha kuzungumza. Yusta akabonyeza Ndiyo, na kishikwambi kikawa chekundu, kikajifunga. Daktari Shemdoe aliinua kichwa kutoka meza ya pili akauliza kuna nini.

Yusta hakumjibu kwanza. Alipiga magoti mbele ya Bi Fides, akamwambia. Alimwambia habari ya maboksi, ya damu iliyosoma sitini na sita, ya kikapu. Bi Fides alisikiliza bila kupepesa, kama mtu anayesomewa barua ya lugha ngeni, akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo nilikuwa namdondoshea?"

"Ulikuwa unamdondoshea, Mama. Hukukosa hata Jumapili moja."

Bi Fides alifumba macho. Machozi yalimtoka mengi, na kwa muda mfupi uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu akayafumbua, akaiondoa mikono ya Yusta magotini mwake, mmoja baada ya mwingine.

"Nilikuwa nakuita mwanangu," alisema.

Yaliyobaki yalikuwa ya ofisi. Daktari alichukua kitambulisho cha Yusta na kishikwambi chake. Alikuwa amepauka. Alisema mistari miwili ya majibu, ya Kastuli na Komba, itafutwa kwenye utafiti, na kwamba kama mistari ile isingefutwa, wagonjwa wa kusahau duniani kote wangeweza kunyimwa dawa kwa sababu ya swali moja la fomu. Yusta hakuwa ameliwaza hilo hata siku moja, na likaongezeka kwenye mengine. Kisha daktari akamgeukia Kastuli na kumwambia kwa heshima kwamba sheria inamlinda hata yeye. Anaweza kuandika barua, kijiti kikatolewa kwenye kata nyingine, kwa mtu wa mwisho kwenye orodha ambaye bado hajawekewa. Kastuli aliuliza huyo mtu anaitwa nani. Daktari akasema haruhusiwi kumtaja.

Kastuli akasema basi na asitajwe, awekewe. Komba alinyoosha mkono wenye bandeji, akamvua kofia ya pili.

*

Leseni ya Yusta ilifutwa kabla ya mvua, na kesi yake ikawa inatajwa Iringa mjini kila baada ya wiki mbili, inatajwa na kuahirishwa. Watu wa Isagwa walimwamkia, ila hawakusimama kuongea. Siku zote alikuwa nyumbani, akimwangalia baba yake.

Mwezi wa pili tangu aachishwe dawa, Kastuli alianza kupumzika njiani. Wa nne magoti yalivimba na randa ikatundikwa ukutani. Wa sita alikuwa na umri wake wote, na hata kidogo zaidi, na Yusta aliyemwogesha aliuona mwili ule ukipungua karibu wiki kwa wiki, akajua kila wiki imetoka kwenye kidole chake. Hakuna siku mzee alimlaumu. Ilimuuma vibaya.

Kila asubuhi saa nne Bi Fides alimleta Komba mpaka kwenye geti, akamwacha hapo, akaondoka bila kuangalia mlangoni. Komba hakuwa amepona na hakuwa amezidiwa. Alikuwa palepale. Aliingia, akamtukana Mhehe, akachukua kitu, kikombe, kigoda, kitana, na saa sita mkewe alipomfuata aliondoka nacho. Nyumba ilikuwa inaisha vyombo. Yusta hakudai hata kijiko.

Siku moja Kastuli alitaka kutoka akaone mizinga yake. Alikuwa ameshainuka, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye fimbo, Komba alipoingia, akaitazama fimbo, akaivuta. Mzee akayumba. Yusta alikuwa ameshanyoosha mkono ili amnyang'anye Komba.

"Mwache," Kastuli alisema, anahema, anacheka. "Kashachukua."

Mkono wa Yusta ukarudi. Akainama, akaweka bega lake chini ya kwapa la baba yake, akalipokea lile zito lote. Wakatoka hivyo, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye mizinga, na Komba akawafuata nyuma na fimbo begani, akiwauliza Wahehe tangu lini wanatembea kwa miguu minne.